Rejeta ya Nnalongo

Nyinyi vijana mliobaki pale gereji ya Nakivubo mnanijua kwa jambo moja: kelele zangu kila mmoja wenu alipoushika waya wa lehemu kwa meno. Mlidhani ni uzee. Mmoja wenu, sitamtaja, alinibandika hata jina, Mzee Toa-Mdomoni, akidhani silijui. Nalijua. Sasa nimestaafu, niko nyumbani Mengo, mahali nilipotamani kuwa tangu siku ya kwanza ya kazi, na nina nafasi ya kuwaeleza kelele zile zilitoka wapi. Sitaandika habari za vyeo, maana kwetu cheo kilikuwa kimoja tu, fundi, na chini yake mtu wa kuchota maji. Nimekuwa yote mawili.

Mimi ni Mkenya wa upande wa Busia. Nilikuja Kampala kwa sababu dada yangu Rosa aliolewa Mengo na nyumba yake ilikuwa na chumba cha nje. Wenzangu waliondoka nyumbani kutafuta maisha. Mimi nilifuata chumba. Rosa alinivumilia wiki chache, nikila na kulala, kisha akasema kuna mzee wa kanisani kwao, Mkongomani, anatengeneza rejeta za magari karibu na mtaro wa Nakivubo na anatafuta mtu. Nikavaa shati la shule, nikatia cheti changu cha kidato cha nne ndani ya bahasha ya kaki, nikashuka.

Huyo ndiye Papa Kasereka. Alikuwa mtu mfupi, mabega mapana, mwenye sauti ya besi iliyofaa zaidi kwaya kuliko karakana. Alikimbia vita vya kwao, upande wa Beni, akaja na mke, vyuma viwili vya kulehemu na kitabu cha nyimbo. Mke alikufa Kampala. Vyuma na kitabu vilikuwa bado vipo. Nilipomsalimu na kumpa bahasha aliishika, akaipima uzito, akainama akaanza kuupepea moto wa mkaa nayo.

"Papa," nikasema, "cheti kimo ndani."

"Ndiyo maana inapepea muzuri," akajibu bila kuinua kichwa. "Karatasi moja ingelegea. Shika, endelea weye."

Nikapepea. Hiyo ndiyo ilikuwa ajira yangu.

Rejeta ina uongo mwingi. Maji yanatoka hapa, tundu liko kule. Papa alinifundisha nisiamini jicho. Unaziba midomo yote, unaizamisha ndani ya pipa la maji, unaitia upepo kwa pampu ya baiskeli, unasubiri. Pale mapovu yanapotoka ndipo penye ugonjwa, unatia alama ya chaki. Kisha unasugua kwa brashi ya waya mpaka shaba ing'ae kama pete mpya, unapaka asidi iliyouliwa makali kwa vipande vya zinki, tulivyokata kutoka betri za tochi, ndipo unaleta chuma cha moto na lehemu. "Lehemu iko kama bibi-arusi," Papa alikuwa akisema. "Haiingie nyumba chafu." Na kwa kuwa mkono mmoja ulishika chuma na mwingine ulishika rejeta, lehemu ilishikwa kwa meno, pembeni mwa mdomo, kama sigara. Alifanya hivyo Papa, alifanya hivyo aliyemfundisha Papa, na mimi nikajaribu mara moja nikaungua mdomo wa chini. Tangu siku ile nilitumia koleo. Papa aliliona hilo kama udhaifu wa watu waliosoma.

Mwanzoni lehemu tuliinunua kwa Wahindi, fimbo nyembamba zenye bati la kutosha, zinazoyeyuka na kutiririka kama asali. Kisha Wahindi wakafukuzwa, maduka wakapewa watu ambao hawakujua msumari unakaa rafu gani, na lehemu ikatoweka pamoja na sabuni, sukari, chumvi na vipuri vya kila aina. Magari hayakuacha kuchemka kwa sababu ya hayo. Tukaanza kujitengenezea. Tulivunja betri kuukuu za magari, tukatoa zile sahani za ndani, tukaziyeyusha ndani ya sufuria mbovu nyuma ya karakana, tukaokoa vipande vya bati popote tulipovipata na kuvitumbukiza humo. Ilikuwa karibu risasi tupu. Neno hilo nalo tulilitamka polepole: miaka ile ya wanajeshi hukutaka mtu apite nje akusikie ukimwambia mwenzako alete risasi zilizo chini ya meza. Tuliita uji. "Uji umeiva?" "Bado, ongeza kuni." Wapita njia walituonea huruma kwa kula uji kila siku.

Nyuma yetu, ukingoni mwa mtaro, alikaa Nnalongo. Jina lake la ubatizo sikulijua kamwe. Alikuwa mama wa mapacha, na kwa Waganda hilo linatosha. Mchana alitupikia matoke na karanga. Jioni aliuza waragi, aliyoitengeneza mwenyewe: pipa la togwa ya ndizi iliyochacha juu ya moto, mvuke unapita kwenye mrija wa shaba uliozama ndani ya maji baridi, na tone kwa tone pombe inadondoka upande wa pili. Siku moja mrija wake ulipasuka. Mrija mpya haukupatikana Kampala nzima, hata kwa magendo. Akaja karakana, akajikunja kwenye gogo letu, akashika shavu.

"Papa, mimi nimekwisha," akasema. Alikuwa akichanganya l na r kama wengi wa kwao, nami siwezi kumwandika vinginevyo. "Bila mulija, hakuna walagi. Bila walagi, watoto wangu hawasomi."

Papa Kasereka aliinuka. Alikwenda pembeni kwenye chuma chakavu, akaitoa rejeta ya Land Rover moja iliyokuwa imetelekezwa hapo tangu mwenye nayo alipoikimbia nchi. Akaifanyia kazi siku kadhaa, akiimba. Alizibua kila mrija, akalehemu upya tangi la juu na la chini kwa uji wetu, akaunga bomba la kuingilia mvuke na la kutokea pombe. Sijaona kazi nzuri kuliko ile. Viungo vilikuwa laini, unapitisha kidole huhisi mwanzo wala mwisho. Mwanamume mwingine angepeleka khanga au kilo ya sukari. Papa alipeleka rejeta, akaibeba kwa mikono miwili kama mtoto anayepelekwa kubatizwa.

"Banange!" Nnalongo akapiga makofi. "Papa, hii ni ya kwangu?"

"Ni ya kwako. Itapoza haraka kuliko ile ya zamani. Iko na mirija mingi."

Na kweli ilipoza. Pombe ikawa inatoka mara mbili ya zamani, na sifa zake zikafika kambini. Wanajeshi wakaanza kuja.

Papa alikuwa mzee wa kanisa na hakunywa pombe. Waragi haikuwa pombe, ilikuwa dawa. Mafundi wote wa mtaa ule waliamini kwamba moshi wa lehemu unakaa kooni na kifuani, na kwamba kikombe kimoja cha waragi kila jioni kinauosha. Wenye nafasi walikunywa maziwa. Maziwa yalipokosekana, waragi ikabeba kazi zote mbili. Kila siku tukishafunika moto Papa alikwenda kwa Nnalongo "kuosha kifua," akakaa pale akisimulia habari za Beni mpaka jua linazama. Kifua chake kilioshwa vizuri sana.

Mimi sikuwahi. Msinisifu. Rosa alikuwa akipakua chakula mapema, na mtu aliyechelewa alikula kilichobaki kwenye chungu, yaani harufu. Pia nilikipenda kitanda changu. Saa ya kufunga ilipofika nilikuwa nimeshavaa viatu. Nnalongo aliniita Bi Harusi.

"Papa, mutazame Bi Halusi anakimbia! Bwana yako anakungoja na fimbo?"

"Mwache," Papa akasema. "Huyu mutoto akikaa inje jioni anapata mafua."

Walinicheka mpaka nilipokuwa nimepanda nusu ya kilima cha Mengo. Sikujali. Nilikuwa nawaza maharagwe.

Ugonjwa wa Papa ulianza tumboni. Alijikunja katikati ya kazi, jasho likamtoka, akasema ni matoke ya jana. Halafu haja kubwa ikamgomea siku nyingi. Akakonda, uso ukawa na rangi ya majivu, akawa mkali kwa mambo madogo, yeye aliyekuwa hajui kununa. Rosa alisema ni minyoo. Majirani walisema mke wake wa Beni anamwita. Papa mwenyewe alisema moshi umezidi, akaongeza kikombe cha jioni, vikawa viwili.

Kisha mkono wa kulia ukaanza kumwangusha. Alishika chuma cha kulehemu, na ghafla kifundo kinalegea, mkono unaning'inia mbele kama glavu isiyo na kitu ndani. Aliweza kukunja vidole. Kuuinua mkono ndiko kulikomshinda. Chuma cha moto kikaanguka mguuni pake. Alikitazama, akanitazama.

"Umeona nini?" akaniuliza.

"Sijaona kitu, Papa."

"Basi okota."

Nikaanza kumwokotea. Kisha nikaanza kumshikia. Baada ya muda mkono wa kushoto nao ukafuata, na nikawa nalehemu mimi, yeye kakaa kwenye gogo ananitukana kwa Kinande, lugha ya kwao. Fundi wa rejeta bila mikono ni nini? Hakuwa na mtoto, hakuwa na shamba, hakuwa na kwao pa kurudi. Alikuwa na vyuma viwili, na sasa hakuweza kuvinyanyua. Usiku hakunisumbua sana, nakiri, kwa kuwa nilikuwa nalala vizuri. Lakini mchana, nikimwona akiinamia kikombe cha chai na kukinywa kikiwa mezani kama ndama, nilijifanya natafuta chaki.

Siku tuliyotoka kununua betri kuukuu upande wa Wandegeya tukasimamishwa na kizuizi cha wanajeshi. Ilikuwa mchana kweupe, watu wanapita wakiangalia pembeni kama desturi ilivyokuwa. Askari mmoja, kijana, macho mekundu, akatuelekezea bunduki.

"Nyinyi! Mikono juu!"

Nikainua. Papa akainua. Lakini yake iliishia kwenye kifundo: mikono ilipanda, viganja vikaning'inia chini, vidole vinachezacheza. Alionekana kama mtu anayemwigiza sungura.

"Wewe mzee nacheza na mimi?" askari akafoka kwa Kiswahili cha kambini. "Mimi nasema juu! Juu-juu!"

"Ni juu, bwana mukubwa," Papa akasema. "Hapo ndipo inafika."

Yule kijana akasogea, akaugonga mkono wa Papa kwa mtutu. Mkono ukapanda ukaanguka tena. Akaugonga tena. Nilisikia mdomo wangu unazungumza kabla sijauruhusu. "Afande, huyu ni mgonjwa. Nampeleka hospitali. Ugonjwa wenyewe haujulikani, wanasema labda unaambukiza."

Askari akarudi nyuma hatua nzima, akaifuta bunduki yake kwa suruali. "Toka! Peleka yeye! Toka hapa!"

Tukatoka. Tukafika mbali. Papa akasimama, akacheka mpaka machozi yakamtoka, na hakuweza kuyafuta. Nikamfuta mimi kwa leso ya Rosa. "Unaambukiza," akasema. "Mungu akusamehe, Mukenya." Kisha akaacha kucheka. "Siku ingine hatakuwepo mujinga kama yule. Nipeleke kwa munganga."

Hospitalini madaktari wengi walikuwa wameshaondoka nchini. Aliyebaki alikuwa mtu mrefu, amechoka, koti limefuliwa bila sabuni, lakini alimsikiliza Papa kama aliyekuwa na siku nzima. Alimwambia ainue mikono, akaiona. Akamwambia afungue mdomo, akavuta ule mdomo wa chini, akaniita nami nitazame. Kwenye ufizi, pale jino linapoanzia, kulikuwa na mstari mwembamba wa buluu iliyokolea, kama wino wa kalamu.

"Unafanya kazi gani, mzee?"

"Rejeta."

"Lehemu unaishika na nini?"

Papa akanitazama. Mimi nikasema, "Kwa meno, daktari. Na tunaitengeneza kwa risasi ya betri."

"Basi ndiyo hiyo. Hii ni sumu ya risasi. Inaingia kwa mdomo na kwa moshi, inakaa kwenye damu na mifupa, inakula mishipa ya fahamu ya mikono." Akageuka kwangu. "Na wewe? Mnafanya kazi pamoja. Fungua mdomo." Akatazama, akakunja uso. "Wewe huna kitu. Mzee ameifanya kazi hii muda gani?"

"Tangu kijana," Papa akajibu. "Na sikuugua hata."

"Kuna kitu kingine kilichobadilika, basi, si lehemu peke yake. Mzee anakula au kunywa nini ambacho huyu kijana hanywi?"

Tukatazamana na Papa. Niliona jibu likimfikia kabla halijanifikia mimi. Uso wake ulibadilika kama wa mtu aliyeitwa jina na marehemu.

"Daktari," akasema taratibu, "pombe kali, ikipita ndani ya rejeta ingali moto, inaweza kutoka na risasi?"

Daktari akaweka kalamu chini. "Nani anapitisha pombe kwenye rejeta?"

"Nimeuliza tu."

"Inatoka nayo, mzee. Mvuke wa pombe na ile asidi kidogo ya togwa vinailamba lehemu. Huoni, husikii ladha. Labda utamu kidogo." Akatushauri Papa aache kazi ya moto, aache hiyo pombe leo hii, anawe mikono kabla ya kula, ale vizuri akipata, asitie kitu cha chuma mdomoni. Dawa aliyoijua yeye haikuwepo nchini. "Mkono unaweza kurudi," akasema. "Siwezi kukuahidi. Ukiendelea kunywa, nakuahidi hautarudi."

Tulirudi kwa miguu. Karibu na mtaro Papa akasema, "Ilikuwa na utamu kidogo."

Sasa hapo ndipo palipokuwa na shida yenyewe. Mngesema: mwambie Nnalongo aivunje. Lakini ule mtaa ulikuwa na masikio, na wateja wakubwa wa Nnalongo walikuwa wenye bunduki. Neno "sumu" likitamkwa pale jioni, asubuhi hakuna Nnalongo na hakuna aliyeitengeneza rejeta. Na tayari kulikuwa na Sajini mmoja, mteja wake wa kila siku, mnene, mcheshi akilewa, ambaye wiki ile ile nilimsikia akimwambia Nnalongo huku kajishika tumbo, "Mama, hii tumbo yangu nasokota. Kama wewe natia kitu kwa pombe yangu, mimi tajua." Kisha akacheka. Nnalongo akacheka naye. Hakuna mwingine aliyecheka.

Papa alimwambia faraghani, mchana, akinawa mikono kwa majivu. Nilikuwepo. Nnalongo alimsikiliza, kisha akaketi chini kabisa, kwenye vumbi.

"Mimi ndiye nimekuua?" akauliza.

"Hapana, mama. Mimi ndiye nilileta."

"Ulinipa kwa moyo."

"Nilikupa kwa moyo. Lakini lehemu haijue mambo ya moyo."

"Basi naivunja sasa hivi. Nitaludia chungu na mwanzi, kama bibi yangu." Akasimama. Halafu akaketi tena. "Sajini anakuja jioni. Ataona nimevunja. Ataniuliza kwa nini. Papa, ataniuliza kwa nini!"

Nnalongo akaiacha ilivyo. Siku mbili alijifanya mgonjwa, akafunga. Siku ya tatu wanajeshi wakatuma mtu kusema wana kiu, na kwamba wanajua nyumba anayolala. Akawasha moto. Papa alikaa karakana jioni ile bila kwenda kunywa, akitazama ule moshi wa nyuma, mikono yake imelala mapajani kama vitu vya mtu mwingine.

Msaada ulitoka mahali nisipotarajia, ukija kwa kelele na mvuke. Land Rover ya Sajini iliingia karakana ikichemka kama chai ya harusi, yeye mwenyewe kwenye usukani, anatukana. Rejeta yake ilikuwa imepasuka tangi la chini na nusu ya mirija imeoza. Niliifungua, nikaizamisha kwenye pipa, nikapiga pampu mara moja tu: mapovu yalitoka kila upande, kama samaki mia wanapumua.

"Hii imekufa, afande," nikamwambia.

"Nataka gari leo. Leo-leo. Mkubwa yangu nangoja."

"Rejeta ya aina hii haipo Kampala."

"Tafuta!" Akaweka mkono kiunoni, palipokuwa na bastola. "Nyinyi ni mafundi ama nyinyi ni nini?"

Papa akakohoa kutoka kwenye gogo.

"Iko moja," akasema.

Nikageuka. Uso wake ulikuwa mtulivu kama wa mtu aliye kanisani.

"Iko moja, afande. Ni ya Land Rover kama hii hii. Lakini iko na mama wa huku nyuma. Anapikia pombe. Sitaki kumunyima mama kazi yake. Na nyinyi munapenda ile pombe."

Sajini akawaza. Niliona mawazo yakipita kichwani mwake kama gari lenye mzigo linalopanda Mengo. Pombe, mkubwa wake. Mkubwa wake, pombe. "Leta rejeta," akasema.

"Mama atalalamika," Papa akasema.

"Mimi tasema na mama!" Akaenda mwenyewe. Tulisikia Nnalongo akipiga mayowe ya kuhuzunisha sana, "Banange, ssebo, mashini yangu! Watoto wangu! Usichukue mashini yangu!" Ukumbi wa michezo wa taifa ungempa kazi. Sajini akarudi ameibeba rejeta kifuani, amelowa, ananuka kama sherehe.

Kazi ya kuifunga ilikuwa yangu. Ilibidi niyeyushe bomba za Nnalongo, niweke midomo ya gari, nilehemu upya, na Sajini amesimama nyuma ya shingo yangu. Papa aliniongoza kwa kinywa. "Safisha tena. Tena. Hiyo si safi, hiyo umeikuna tu. Chuma bado baridi, kitemee mate. Sasa. Usisukume, iache ikimbie yenyewe. Mukenya, iache!" Kiungo kilitoka kimevimba kama kidonda kilichofungwa na mlevi. Lakini kilipozama kwenye pipa, hakukutoka povu hata moja.

Gari liliwaka, halikuchemka. Sajini akanusa. "Mbona gari yangu nanuka waragi?"

"Ni mafuta ya kulainisha, afande," nikasema.

"Harufu mzuri," akasema, akaondoka. Alirudi mara chache tu kwa Nnalongo baada ya hapo. Waragi ya chungu na mwanzi hutoka kidogo kidogo, nao walikuwa watu wa haraka, wakahamia kwingine. Wakati mwingine nilimwona akipita na ile Land Rover, amenenepa zaidi, anatupungia mkono. Tumbo lilikuwa limepona. Hakujua kwa nini, nasi hatukumwambia.

Tangu wakati ule tulibadilisha mambo. Uji tukauyeyushia nje kabisa, upepo ukiwa unaelekea mtaroni. Koleo likawa sheria. Hakuna aliyekula kabla ya kunawa, na nguo za kazi hazikupanda Mengo. Rosa alinifungia mlango mara mbili nilipojisahau. Akina mama walizoea kutuletea birika na sufuria zilizotoboka tuzizibe kwa lehemu. Tukakataa, wakatuona tunaringa. Wengi wenu mmelelewa katika sheria hizo na kuzilalamikia. Sasa mnajua bei yake ililipwa na nani.

Papa hakushika chuma msimu mzima wa mvua, na kiangazi kilichofuata, na mvua nyingine. Nnalongo alimpikia dengu, mboga, maziwa alipoyapata. Kila asubuhi alijaribu: anaweka mkono mezani, kiganja chini, anautazama kama mtu anayemsubiri mgeni. Kidole kimoja kilianza kuinuka, kile cha kati. Nnalongo alimwambia asikionyeshe kanisani. Kisha vingine vikafuata. Nilikuwa fundi mkuu wakati huo, kwa kukosekana mwingine, na nilikuwa nimeanza kujiona. Kazi zangu hazikuvuja. Wateja walisema nimeiva.

Asubuhi moja nilikuwa nimemaliza tangi la juu la lori la mahindi, nimelipanga juani lipoe, najisifu kimoyomoyo. Papa akainuka kutoka kwenye gogo. Akaja akainama juu ya lile tangi, akapitisha kidole kwenye kiungo changu mwanzo mpaka mwisho. Alinyoosha mkono wa kulia kwenye mkaa, akakichukua chuma, akakiinua. Kifundo kilitetemeka kidogo, kikasimama. Akakigusa kwenye kiungo changu, akakiyeyusha chote, kazi yangu ya asubuhi nzima ikadondoka chini matone matone.

"Koleo," akasema, akanyoosha mkono wa kushoto bila kunitazama.

Nikampa. Nikasimama pembeni nikimtazama akiharibu kazi yangu, na sikumbuki kama nimewahi kufurahi namna ile.